Kombe la Wawili

Bi Zaituni aliweka sahani ya kombe mkekani, baina ya binti zake. Aya zilizoandikwa kwa zafarani zilikwisha kuyeyuka ndani ya marashi, yakawa manjano.

"Mwalimu aliyeliandika amesema mnywe nyote wawili, wanangu. Huo usonji utawatoka, inshallah."

"Mimi sinywi," alisema Batuli, mkubwa. "Kombe hunywa mgonjwa. Mimi naumwa nini, mama?"

"Wewe huumwi!" Mwanakheri alimrukia. "Wewe sokoni unakwenda. Mimi kelele kidogo tu nataka kupasuka. Nimeposwa, dada! Siku ya harusi nikajifiche uvunguni, wakwe wananitazama?"

"Wapunguze ngoma."

"Mji mzima upunguze ngoma kwa ajili yangu! Una wazimu."

"Sina. Nina usonji, kama wewe. Ukikutoka wewe, mimi nitabaki na nani anayenijua?"

Mwanakheri alimsogezea sahani. "Kunywa," alisema kwa sauti ndogo. "Usiponywa wewe, na langu halitafaa."

"Fungu langu nakupa. Mungu anajua nia."

Mwanakheri akaishika sahani kwa mikono miwili. Papo hapo jirani akaanza kutwanga. Mwanakheri akashtuka, kombe likapanda hadi ukingoni, na kombe halimwagwi chini. Mama yao akashika kifua.

Batuli akapiga magoti nyuma ya mdogo wake, akamziba masikio kwa viganja. Maji yakatulia. Mwanakheri akakaa hivyo, midomo imegusa sahani, akisikia pumzi za dada yake kisogoni.