Chini ya Stika

Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Kinyozi huyu alipomwona mwenzake ananyolewa, alinoa wembe.

Bwana Duka hakulijua hilo. Alijitupa kitini, akafungwa shuka shingoni, akalitangazia benchi zima kwamba alasiri hiyo anaoa, kwa hiyo anataka kichwa king'ae kama kioo. Benchini walikuwepo wazee wawili na mama mmoja aliyempakata mtoto. Hakuna aliyempongeza.

Hakujali. Duka lake la vyombo vya umeme lilikuwa ng'ambo ya barabara, na alikuwa mtu wa kukuuzia hata kivuli chako mwenyewe, kisha akudai nauli ya kukibeba.

Kinyozi alimnyoa upande wa kulia, toka utosini mpaka nyuma ya sikio, taratibu, bila kumkwaruza. Halafu akasimama. Akamtazama kwenye kioo.

"Bwana, unanikumbuka?"

Wembe ulikuwa umetulia kisogoni. Bwana Duka alikodoa macho: mwanamke wa uso mwembamba, aproni nyeusi, jicho lisilopepesa. Hakumkumbuka. Akabahatisha redio, wembe haukusogea. Akabahatisha televisheni iliyozima siku ile ile ilipowashwa.

"Friji," alisema mwishowe. "Wewe ndiye wa friji. Wa maziwa."

Mama wa benchini alimfunika mtoto uso kwa kiganja.

"Eleza mwenyewe," kinyozi alisema.

Akaeleza, maana mwenye nusu kichwa hana pa kukimbilia. Friji ilikufa kabla ya wiki kwisha, maziwa yakachacha, wateja wakahamia kwingine. Mnunuzi alipokuja kulalamika, aliambiwa kwanza asome masharti. Yako wapi? Nyuma ya friji, chini ya stika ya garantii. Stika ikabanduliwa. Chini yake palikuwa na herufi ndogo kama mayai ya chawa: atakayebandua stika hii amepoteza garantii.

Mzee mmoja alicheka puani, akaacha. Hakikuwa kicheko cha kufurahi.

"Nani aliyatunga masharti hayo?" kinyozi aliuliza.

"Mimi. Lakini ni biashara tu, dada. Ukishanunua, umeshakubali."

"Na machozi yaliyomwagika dukani je?"

"Nilikuambia hayamo kwenye masharti. Ulikuwa utani tu, dada yangu."

Kinyozi aliupangusa wembe kwa kitambaa, pole pole, kama mtu mwenye siku nzima mbele yake. Upande wa kushoto wa kichwa ulikuwa bado msitu. Simu ikalia chini ya shuka: mshenga alitaka kujua bwana harusi kapotelea wapi, watu wameshapanda magari, na baba mkwe ameanza kununa. Bwana Duka alijitazama kioo. Hata kofia isingemwokoa. Bibi harusi angeivua tu.

Akaomba amaliziwe. Akaahidi kulipa mara mbili. Kinyozi akaendelea kuupangusa wembe.

Ndipo alipopiga simu dukani kwake. Punde wapagazi wawili wakavuka barabara na friji mpya, kubwa kuliko ile iliyokufa, wakaichomeka pembeni ya kioo. Ikanguruma kama paka aliyeshiba. Bwana Duka aliinuka na shuka lake shingoni, akaibandua stika kwa kucha zake mwenyewe mbele ya watu wote, akaifinyanga, akaitupa kwenye nywele zake zilizolala sakafuni. Kisha akarudi kukaa, akainamisha kichwa kama kondoo.

"Haya, dada. Friji yako hiyo. Nisamehe, unimalizie."

Kinyozi alifungua mlango wa friji, akaingiza mkono, akaridhika na baridi. Akakizungusha kiti mpaka Bwana Duka akatazamana na benchi.

"Shoga," alimwambia mama mwenye mtoto, "waambie hao wapagazi unapokaa, wakupelekee friji yako."

Mama aliinuka. Bwana Duka alimtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Mimi dukani kwako sijawahi kununua hata betri," kinyozi alisema, akiufunga wembe. "Vua shuka langu, bwana, wengine wanasubiri. Na radhi siombi."