Kichupa Kilichokolea

"Sikai!" Mama aliukumbatia mkoba wake, mgongo kauegemeza kwenye mlango wa maabara. "Mnichome sindano, kwani nimeua mtu?"

"Mama, watu wanatucheka," binti yake alinong'ona.

"Wacheke. Meno ni yao."

Tangu baba aanguke ghafla na moyo kusimama, binti alikuwa kwenye vita na Mama. Ameifungia kabatini chupa ya mafuta ya kupikia, Mama katafuta nyingine. Jana alipomwambia asile kitu mpaka apimwe, Mama alisusa kabisa. "Nikilala njaa, na wewe unalala njaa." Wakalala njaa wote wawili.

Mpimaji, mwanamume mnene mwenye koti jeupe, aliinua sindano. "Karibu, mama."

"Na tumbo hilo, umeshajipima mwenyewe?" Mama akamnyooshea binti yake kidole. "Aanze huyu. Akitoka mzima, nitakaa."

"Mimi? Mimi nakimbia kila asubuhi! Mimi chuma!"

"Chuma hakiogopi sindano."

Binti alikunja mkono wa blauzi kwa hasira, akakaa. Damu ikatoka, mpimaji akabandika namba moja kwenye kichupa. Mama akafuata bila kukunja uso. Chake kikawa namba mbili.

Mashine ikavizungusha vichupa mpaka wekundu wa damu ukazama chini, maji ya manjano yakabaki juu. Mpimaji akachota tone la maji hayo kutoka kila kichupa, akalichanganya na dawa kwenye kichupa kipya chenye namba ile ile.

"Tusubiri kidogo. Rangi ikikolea sana, ujue kolesteroli, mafuta ya kwenye damu, ni nyingi."

"Kitendawili," Mama alisema.

"Mama, hapa?"

"Kitendawili!"

"Haya, tega."

"Kipo usoni kwangu, anakiona mwenzangu."

"Pua."

"Hujapata. Nipe mji."

"Chukua wowote, ninyamazie tu."

Mama alimpangusa kwa kidole gumba pembeni mwa jicho, penye vipele viwili vya manjano, kama alivyozoea kumpangusa marehemu mumewe vya kwake.

"Si tongotongo, Mama. Vimeota tu. Niache."

Kichupa kimoja kilibaki na wekundu hafifu, kama maji yaliyosuuza kikombe cha juisi. Kingine kiliendelea kuiva, kikawa chekundu kama nyanya. Mpimaji akakitia kwenye mashine ya kusomea, akasoma, akakirudisha asome tena.

"Unaona!" Binti aliruka kitini. "Unaona, Mama! Leo hakuna kususa. Tunakwenda kwa daktari sasa hivi!"

"Na dawa?"

"Kila siku, mpaka mwisho wa maisha!"

"Mwenye kichupa hicho asipotaka?"

"Thubutu! Ataburutwa."

"Umemsikia, baba," Mama alimwambia mpimaji. "Mwonyeshe."

Mpimaji akakigeuza kile kichupa chekundu. Kilikuwa namba moja.

Mama alishatia mkoba begani. "Haya, chuma changu. Utatembea, au nikuburute?"