Damu Isiyohitaji Dawa

Usijifanye hukuona. Asubuhi ile ya mwaka 1957 ulipita Kitisuru, ukaona majeneza sita ya mbao za masanduku yamepangwa kando ya machimbo ya mawe, ukageuza uso. Leo hugeuzi. Kaa hapo usikilize.

Caren alikuwa ameshika jiwe. Kambi nzima ya vibarua, wake kwa waume, ilikuwa imeshika mawe, na katikati yao lilisimama gari la Daktari Hallam, magurudumu mawili hayana pumzi. Aliyeyatoboa ni Joash, mdogo wa marehemu mume wa Caren.

"Leo hatoki mtu hapa," Joash alisema. "Shemeji, wewe ndiwe mjane wa kwanza. Anza wewe, sisi tutamalizia."

Dalmas, mume wa Caren, alirudi kutoka kazini siku nane nyuma akilalamikia kichwa. Kufika jioni shingo ilikuwa imekakamaa kama gogo. Homa ya uti wa mgongo. Joash alimwuguza kaka yake, akalala naye kitanda kimoja, akala naye kijiko kimoja, na hata chafya hakupiga. Dalmas akafa siku ya pili. Wakafuata watano.

Na dawa ilikuwapo! Hilo ndilo lililomchoma Caren. Homa iliposikika mjini, daktari huyu huyu alileta vidonge vya kinga. Kambi yote ikameza. Wanaume kumi na wawili wa safu ya nyumba za akina Dalmas ndio waliorukwa, na maiti zote sita zilitoka safu hiyo.

"Mume wangu alikukosea nini?" Caren aliuliza. "Sema nisikie, kabla sijakupasua hicho kichwa."

Daktari alifungua faili.

"Mama, dawa ilikuwa kidogo. Mimi napima damu ya watu yote. Ndani ya damu iko protini, mtu nazaliwa nayo. Ya watu ingine iko dhaifu. Ya ingine nguvu, naua vijidudu mbele ya ugonjwa kuanza. Damu ya bwana yako nguvu sana! Kwa hiyo mimi napa dawa watu ya damu dhaifu."

"Dalmas?" Nanjala, jirani yake Caren, aliangua kicheko kibaya. "Yule aliyekaa na jino bovu mwaka mzima kwa kuogopa koleo? Nguvu za wapi, we mzungu?"

"Iko andikwa hapa. Dalmas. Muthama. Were. Watu kumi na mbili, na damu yote nguvu sawasawa. Hata mimi nashangaa."

"Mwongo!" watu wakapiga kelele. "Mwueni!"

Caren aliinua jiwe. Hakutaka maelezo ya damu. Alitaka aliyemuua Dalmas alipe leo, hapa hapa, kabla askari hawajafika, maana askari wakifika alijua nani angefungwa na nani angepelekwa nyumbani kunywa chai. Alilenga katikati ya macho.

"Ngoja kwanza," Joash alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Damu hiyo uliichukua lini?"

"Mwezi ya tatu. Ile siku ya sukari. Mtu natoa damu, napata sukari ratili moja."

Joash alimtazama daktari, akamtazama Caren. Kisha akaenda akasimama mbele ya daktari, akamkinga kwa mwili wake.

"Toka hapo, shemeji!" Caren alifoka. "Unamtetea huyu?"

"Simtetei. Huyu alitazama mkono tu, uso hakuutazama hata mara moja, na la kwake atalipa. Lakini ngoja zamu yake." Alikuwa akikunja shati, mkono wa kushoto, kisha wa kulia. "Siku ile wanaume wote wa safu yetu walikimbilia mahindini, wakisema wazungu wananyonya watu damu. Mimi nilicheka. Kila jina lao lilipoitwa, niliitika mimi, nikatolewa damu mimi. La Dalmas nililiitikia la kwanza, nikampelekea sukari yake."

Joash alitandaza mikono yote miwili mbele ya mawe yao.

"Mnangoja nini? Mawe si mnayo? Tupa, shemeji! Tupeni! Sasa!"