Nyumba Inayopigiwa Hodi

Kaka yake Verediane alipapasa mlango juu, akapapasa katikati, kitasa hakukiona.

"Iko chini, patron!" sauti ya mwanamke ikacheka ndani. "Inama!"

Ikambidi apige magoti. Katika ile nyumba ya kule mtaani Nengo waliishi watu wanne, na watatu kati yao hawakuweza kusimama. Wa nne, seremala kiziwi, alikihamisha kitasa bila kuombwa siku Verediane alipofika, Pasaka ya mwaka wa tisini na tisa. Kila asubuhi Verediane alipokishika alimshukuru Mungu, kisha akamshukuru seremala.

Kaka mtu akaingia moja kwa moja, akampita yule mwanamke aliyekuwa akichambua maharage, akamwinua Verediane begani. Ndivyo alivyomwinua nyumbani kila wageni walipokuja, akaenda kumficha chumba cha nyuma. Harusi zote za wadogo zake, Verediane alizisikia kupitia ukuta. Hakuisahau hata moja.

"Twende, mudogo yangu. Huku nani atakuangalia?"

"Bon, amepata gunia ya viazi," akasema mwanamke wa maharage.

"Niweke chini, kaka," Verediane akasema. "Utoke. Upige hodi, ungoje nikujibu. Mi naishi hapa."

Akamshusha polepole kwenye mkeka, akatoka, akaurudisha mlango.

Kisha Verediane akamsikia kaka yake huko nje akisafisha koo, kama mgeni.