Gololi Ndani ya Jicho

"Anza wewe, mama, nione kama haiumi," alisema binti, akagoma katakata kupanda kitanda cha kupimia macho.

Mama akacheka, akajilaza yeye, mkono wa mwanawe mkononi. Mpimaji, mtu wa utani tangu mlangoni, akampaka jeli ya baridi juu ya kope la kulia.

"Haya, bibi mdogo, tazama jicho zima lilivyo," alimwambia mtoto. "Lenzi ya mama imelala bapa kama punje ya dengu. Yako imejiviringa kama gololi, ndiyo inayoziba njia ya maji na kukuletea presha ya macho."

Akapitisha juu ya kope kifaa cha kupiga picha ya ndani ya jicho. Utani ukamkauka mdomoni.

 Mama akageuza jicho la kushoto kwenye skrini. Katikati ya ukungu wa kijivu ilikaa gololi.

"Hiyo si picha ya mwanangu?"

"Ni yako mwenyewe," alisema mpimaji. Alikuwa ameikodolea macho mikono yao iliyoshikana, vidole vifupi, vinene, vya mama na vya mwana. Vidole ambavyo bibi mzaa mama hujivunia kuwa ndio mhuri wa ukoo.

"Dada," alisema taratibu, "vidole hivi na lenzi hiyo hurithiwa pamoja. Nyumbani umebakiza watoto wangapi?"

 Mama akawaona akilini pacha wake waliobaki nyumbani, vidole vilevile, wakisoma huku vitabu vimegusa pua, naye akiwafokea kila siku waache mchezo.

"Mama, kumbe inauma?" binti aliuliza. "Mbona unaniminya hivyo?"