Kisu Changu cha Jikoni

Nilikuwa jikoni nakata nyanya, mlango wazi, pale televisheni ya sebuleni ilipoonyesha maiti. Walisema ni jambazi: leo mchana aliwavamia polisi kwa kisu, wakampiga risasi.

"Safi sana," alisema shemeji, aliyevunjiwa duka mwezi uliopita. "Dawa ya moto ni moto."

Mama mkwe akampigapiga mgongoni mume wangu, koplo wake wa polisi, shujaa wa mtaa.

Kamera ikausogelea mkono wa marehemu, mkono mwembamba kama wa mwanafunzi. Kisu kilicholala kando yake kilikuwa na mpini ulioyeyuka upande mmoja, kama kile changu nilichowahi kukisahau juu ya jiko.

Nikatazama nilichoshika. Mpini uleule. Asubuhi nilikitafuta nyumba nzima. Jioni nikakikuta kwenye sinki, na mjinga mimi nikashukuru.

Sahani ya kwanza ya nyanya ilikuwa imeshapita mezani. Shemeji alikuwa analamba vidole. Nikakiweka kisu juu ya ubao.

Mume wangu aliniona. Akaja taratibu, akaokota kipande kwenye ubao, akakitafuna.

"Ukimaliza kioshe," alisema kwa sauti ya chini. "Kesho nitakiazima tena."