Miwani Namba Moja

"Nipe miwani nisome mwenyewe," alisema mama mzee. "Si kwamba sikuamini, mwanangu. Ila marehemu mume wangu aliniusia, shamba halitolewi kwa maneno."

Aniceti akatabasamu. Duka lake la miwani pale Bagara lilikuwa na kila namba, na macho ya mama huyu aliyajua vizuri. Alikuwa mama yake wa ubatizo. Mwaka jana alimpima mwenyewe, akampa miwani yenye nguvu, namba tatu, ikaja kukanyagwa na ng'ombe.

Mkataba ulikuwa mezani. Kwa herufi kubwa ulisema Aniceti anakodi shamba la Nakwa misimu mitatu. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, ulisema misimu hiyo ikiisha shamba linakuwa la Aniceti.

Mkono wake ukaenda kwenye trei, ukagusa namba tatu, ukatulia hapo kidogo. Kisha ukachukua namba moja. Akaifuta vioo taratibu kwa ncha ya shati, akamvalisha mama kwa upole, kama anavyovalishwa mtoto kofia.

Mama akasoma kwa sauti, neno kwa neno, kidole kikifuata, mpaka kwenye misimu mitatu.

"Mungu akubariki," alisema. "Kumbe bado naona."

Akashika kalamu. Kidole kikateremka hadi chini ya karatasi, kikatua kwenye zile herufi ndogo.

"Jina niandike juu ya mstari huu?"

"Hapo hapo, mama."